Harufu Si Kipimo

Siku hizi kuna neno linatembea Dzaleka bila kuomba kibali. Ni sativa. Limekuja kwa simu, limekuja kwa ndugu waliopata makazi Marekani na Kanada, na sasa hata kijana anayeuza bangi nyuma ya soko analitamka kama daktari. "Yaya, hii si ile ya kulaza watu. Hii ni sativa, ya mchana, inafungua akili." Akiona bado una mashaka, analeta neno la pili, terpeni. Eti nusa mwenyewe: hii ina harufu ya ndimu, itakupa furaha. Ile nyingine inanuka udongo, ndiyo ya usingizi.

Mimi nasema hayo ni maneno ya duka, si maneno ya dawa. Na kama yangekuwa yanawadanganya matajiri wanaochagua starehe ya Jumamosi, nisingepoteza wino. Lakini hapa wanaoyaamini ni watu ambao hawalali. Ni watu waliotembea kutoka Uvira, Fizi, Bujumbura na Bukavu na vitu kichwani ambavyo havikushuka mpakani. Kumwambia mtu wa namna hiyo "hii ni nzuri kwa akili" ni jambo zito. Mwenye kulisema anatakiwa awe na ushahidi, na pua si ushahidi.

Tuanze na jina lenyewe. Mwaka 1753 mtaalamu wa mimea wa Sweden, Carl Linnaeus, aliipa bangi jina la Cannabis sativa. Sativa ni Kilatini, maana yake ni kitu kinachopandwa, kinacholimwa. Basi. Mpunga nao kitaalamu unaitwa Oryza sativa, na sijamwona mtu aliyekula sahani ya wali akaanza kusema akili imefunguka. Halafu, mmea ambao Linnaeus aliujua zaidi ni ule uliokuwa ukilimwa Ulaya kwa ajili ya nyuzi, kamba na vitambaa vya matanga. Aliyeleta jina la pili ni Mfaransa Lamarck, mwaka 1785. Aliuita mmea wa India Cannabis indica, na moja ya sababu zake ilikuwa kwamba ule wa India unalevya. Kwa hiyo, kwa wenye majina wenyewe, sativa ilikuwa ya kamba na indica ndiyo ya kulevya. Habari ya kwamba sativa inapandisha na indica inashusha haimo humo kabisa. Ilikuja baadaye, kwa wakulima na wauza mbegu.

Mtu atasema: lakini tofauti tunaiona kwa macho. Kweli, na sitabisha kitu kinachoonekana. Chamba cha nchi hii inayotuhifadhi, kile ambacho dunia inakiita Malawi Gold na kinachosifika hasa kutoka Nkhotakota kando ya ziwa, ni mmea mrefu, wenye majani membamba kama vidole vya mpiga gitaa, na unachukua muda mrefu kutoa maua. Wauza mbegu wa ng'ambo wanauorodhesha upande wa sativa. Ile mimea mifupi, minene, yenye majani mapana, wanaiweka upande wa indica. Sawa. Hiyo ni habari ya umbo. Lakini urefu wa mti haukwambii ladha ya tunda lake, na upana wa jani haukwambii kitakachotokea ndani ya kichwa chako saa nne usiku.

Na harufu je? Harufu nayo ni kitu cha kweli. Terpeni si uongo wa wauzaji, ni kemikali ambazo mimea mingi inazitengeneza, na wewe unazijua bila kujua jina. Limoneni ni ile inayokurukia machoni ukimenya chungwa au ndimu. Pineni ni harufu ya misonobari, kama ile ya msitu wa Chikangawa huko kaskazini. Mirseni iko kwenye mchaichai na kwenye embe. Linaloli iko kwenye lavenda na mrehani. Kariofileni iko kwenye pilipili manga na karafuu. Terpinoleni, ambayo haina jina la jikoni, hupatikana kwa wingi katika baadhi ya bangi zinazoitwa sativa. Katika ua lililokauka vizuri, terpeni zote kwa pamoja kwa kawaida ni asilimia 1 mpaka 3 ya uzito, mara nyingi hata chini ya hapo.

Ubishi wangu hauko kwenye kuwepo kwa harufu. Uko kwenye ile hatua ya kutoka "inanuka hivi" kwenda "itakufanyia hivi". Hatua hiyo inarukwa kama mtaro, na chini ya mtaro kuna watu.

Tazameni watafiti walivyoona. Mwaka 2015 watafiti wa Kanada walichunguza vinasaba vya bangi zinazouzwa kwa majina mbalimbali, wakakuta jina mara nyingi halilingani na asili ya mmea: kitu kinachoitwa sativa kinaweza kuwa ndugu wa karibu wa kile kinachoitwa indica kuliko wa sativa mwenzake. Mwaka 2021 wakarudia kwa sampuli karibu 300. Safari hii waliona kwamba majina hayo hayafuati vinasaba kwa ujumla, yanafuata terpeni chache tu. Maana yake ni nini? Maana yake inaelekea wakulima na wauzaji wananusa kwanza, halafu wanabandika jina. Mwaka 2022 huko Marekani zilitazamwa sampuli karibu 90,000 kutoka majimbo 6. Lebo za sativa, indica na chotara hazikuweza kueleza kilichomo ndani.

Oneni mzunguko huo. Muuzaji ananusa, anasikia ndimu, anaandika sativa. Mnunuzi anasoma sativa, anategemea furaha. Akipata furaha anasema, umeona, ni ile ndimu. Asipopata anaambiwa haikuwa sativa halisi. Mchezo wa namna hiyo muuzaji hawezi kushindwa hata siku moja.

Sasa nitoe haki kwa upande wa pili, maana wana hoja na nimezisoma. Mwaka 2008 watafiti walionyesha kwamba kariofileni inashika kwenye kipokezi cha mwili kinachoitwa CB2, kipokezi cha familia ileile inayoguswa na bangi. Ni kweli. Lakini kinacholevya ni kipokezi kingine, CB1, kilicho kwa wingi kwenye ubongo. Ingekuwa kariofileni inalevya, pilau la sikukuu lingetuangusha wote. Mwaka 2011 daktari wa Marekani Ethan Russo aliandika makala ambayo wauzaji wote wanaitegemea, akipendekeza kwamba terpeni zinashirikiana na THC, kile kiini kinacholevya, na kubadilisha kazi yake. Alipendekeza, akaomba uchunguzi ufanyike. Na huyohuyo Russo, akihojiwa mwaka 2016, alisema mgawanyo wa sativa na indica kama watu wanavyoutumia ni upuuzi. Wauzaji walichukua makala wakaacha mahojiano. Mwaka 2019 maabara ya Sydney ilijaribu terpeni sita za kawaida kwenye seli zenye vipokezi hivyo, ikakuta hazibadilishi jinsi THC inavyofanya kazi hapo. Maabara nyingine zimeona dalili tofauti, na wenyewe bado wanabishana.

Hoja yao yenye nguvu kuliko zote ni ya mwaka 2024. Watafiti wa Johns Hopkins waliwapa watu wazima 20 wenye afya mvuke wa THC, wakati mwingine peke yake, wakati mwingine pamoja na limoneni. Walipochanganya miligramu 30 za THC na miligramu 15 za limoneni, wasiwasi na hofu vilipungua. Huo ni utafiti mzuri, na mtu akiniambia limoneni ina kitu, simkatalii.

Lakini tupige hesabu, maana hesabu haina kabila. Chukua msokoto wa nusu gramu, yaani miligramu 500. Tuseme bangi hiyo ina THC asilimia 10 na limoneni asilimia 0.3. Huo msokoto una miligramu 50 za THC na miligramu 1.5 za limoneni. Sehemu moja kwa zaidi ya thelathini. Kule maabara ilikuwa sehemu moja kwa mbili. Kwa hiyo yule anayekwambia "inanuka ndimu, haitakutia hofu" amechukua matokeo ya kikombe kizima akakuuzia tone. Na wale watu 20 walikuwa wenye afya, wameketi mahali salama, daktari yuko pembeni. Hakuna hata mmoja aliyekuwa anasikiliza kama kuna mtu anagonga mlango.

Halafu kuna jambo la hapa kwetu ambalo vitabu vya ng'ambo havilitaji. Terpeni nyingi ni nyepesi, zinaruka na hewa. Ndiyo maana unazinusa: zimeshaanza kuondoka. Bangi ikianikwa juani, ikafungwa kwenye maganda ya mahindi kama gunzi, ikakaa wiki na miezi, ikasafirishwa chini ya magunia, zile nyepesi kama limoneni na pineni ndizo zinazotangulia kupotea. THC inabaki muda mrefu zaidi. Harufu imeondoka, nguvu imekaa. Sasa huyo anayekuuzia kwa kunusa anakuuzia nini?

Kinachoamua hali yako ni vitu vinne, na hakuna hata kimoja kilichoandikwa kwenye jina. Cha kwanza ni kiasi cha THC. Cha pili ni njia. Ukivuta, inafika kichwani kwa dakika chache, na kwa kawaida inapungua baada ya saa mbili mpaka nne. Ukila kwenye mandazi au ukinywa kwenye chai ya maziwa, inaweza kuchukua saa nzima au mbili kuanza, na ini linaigeuza kuwa kitu kikali zaidi, kinachoweza kukaa saa nane au kuzidi. Vijana wanaongeza kipande cha pili wakidhani cha kwanza kimegoma, halafu vyote viwili vinafika pamoja. Cha tatu ni mwili wako: umekula au hujala, umezoea au ni mara ya kwanza, kuna dawa nyingine unatumia, kuna pombe. Cha nne ni moyo wako siku hiyo.

Na hapo kwenye moyo ndipo ninapotaka tusimame. Ile "inafungua akili, inaamsha" wanayoiuza kama sifa ya sativa, mwilini mara nyingi ni moyo kwenda mbio, mawazo kukimbizana, masikio kuwa makali. Kwa mtu aliyelala vizuri, anaweza kuiita furaha. Kwa mtu ambaye mwili wake ulijifunza, usiku mmoja huko Kivu, kwamba moyo ukienda mbio maana yake wamekuja, hiyo siyo furaha. Ni usiku uleule umerudi. THC kidogo inaweza kutuliza, nyingi inaweza kuleta hofu. Hilo ni suala la kiasi, na kiasi ndicho kitu pekee ambacho muuzaji hakijui.

Najua wengi hapa hawavuti kwa starehe. Wanavuta walale, wasiote. Sitawacheka. Lakini nao wanastahili kuambiwa yote. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2021 ulichukua wanajeshi wastaafu 80 wenye kiwewe cha vita. Kikundi kimoja kilipewa bangi yenye THC nyingi, kingine yenye CBD nyingi, kingine yenye vyote viwili, na kingine bangi iliyoondolewa nguvu bila wao kujua. Wiki tatu baadaye wote walijisikia nafuu kiasi, na wale waliopewa isiyo na nguvu hawakuachwa nyuma na wenzao. Ukiacha ghafla baada ya kuvuta kila siku, usingizi unakatika na ndoto zinarudi kwa ukali, na mtu anasema, mnaona, bila bangi siwezi. Kumbe sehemu ya mateso hayo ni kuacha kwenyewe, na baada ya wiki chache kwa wengi hupungua. Na mwaka 2019 uchunguzi wa vituo 11 vya Ulaya na Brazil ulikuta kwamba waliovuta kila siku bangi yenye THC ya asilimia 10 au zaidi walikuwa na uwezekano karibu mara tano wa kuwa miongoni mwa waliorukwa na akili, ukilinganisha na wasiovuta kabisa. Hiyo haina maana kila mvutaji atapata wazimu. Ina maana wingi na ukali vina uzito, na mwenye ndugu aliyewahi kurukwa na akili awe mwangalifu maradufu.

Sasa nigeuke kwenu, ndugu zetu wa mashirika, mnaokuja asubuhi kwa magari meupe na kurudi Lilongwe jioni. Msifurahi kwamba nimewapiga wauzaji tu. Muuzaji amepata wateja kwa sababu ninyi mliacha kiti wazi. Mabango yenu yanasema bangi inaharibu ubongo, bangi inaua, sema hapana. Kijana anasoma, anamtazama baba yake mdogo aliyevuta miaka ishirini na bado analima nyanya zake, anaona bango limedanganya. Baada ya hapo hata mkisema kweli hamsikilizwi. Muuzaji yeye anazungumza naye kwa Kiswahili, anamwita mdogo wangu, anamweleza kuhusu ndimu na misonobari. Ni uongo, lakini ni uongo unaomheshimu msikilizaji. Mabango yenu ni ukweli nusu unaomdharau.

Semeni kwa vipimo. Semeni tofauti ya kuvuta na kula. Semeni chini ya miaka ishirini na kitu ubongo bado unakua. Semeni mtu akishikwa na hofu apelekwe mahali patulivu, asiachwe peke yake, asiongezewe pombe. Semeni dalili ambazo zinataka mganga wa kituo cha afya leo, si kesho: kusikia sauti, kudhani majirani wanapanga kumuua, kutolala siku tatu. Semeni kwa Kiswahili na Kirundi na Kinyarwanda, si kwa Kiingereza cha karatasi. Na mtu akija kuwaeleza anachotumia, maneno yake yasifike polisi. Mama mmoja akishaona mwanawe ameeleza halafu amekamatwa, mtaa mzima unafunga mdomo.

Maana sheria nayo ina sura mbili. Februari 2020 Bunge la Malawi lilipitisha sheria inayoruhusu bangi ya dawa na ya viwandani kwa wenye leseni. Nje ya leseni, chamba kinabaki kosa. Kwa hiyo mmea uleule una njia mbili: mwenye leseni anazungumzia soko la nje na maabara na asilimia, na kijana mwenye gunzi moja mfukoni anazungumzia dhamana. Kwa mkimbizi ni zaidi, kwa sababu kesi ya jinai inaweza kuingia hata kwenye faili lake la makazi ya nchi ya tatu. Sisemi hivi ili sheria ivunjwe. Nasema ili muuzaji anapokwambia hii ni sativa ya dawa, ukumbuke kwamba neno dawa lina karatasi, na karatasi hiyo yeye hana, na wewe huna. Askari hatanusa kama ni limoneni.

Basi, wadogo zangu, nawaomba mbadilishe swali. Msiulize tena "ni sativa au indica?" Ulizeni: ina nguvu kiasi gani, na nani amepima? Ulizeni: nitakaa nayo saa ngapi, na nani atakuwa na mimi? Ulizeni: natafuta nini leo, na kama ni usingizi, nimeshamwambia nani kwamba silali? Swali la kwanza muuzaji hawezi kulijibu. La pili na la tatu linawahusu watu, siyo mmea.

Na ninyi wa mashirika, lile swali la tatu ni lenu. Mtu anayenunua usingizi gizani, kwa jina la Kilatini asilolijua, kutoka kwa mtu asiyejua anachouza, ni mtu ambaye mlango wenu aliukuta umefungwa au una foleni ya miezi. Huwezi kushinda hadithi ya ndimu kwa bango. Unaishinda kwa kuwa na mtu anayekaa, anayesikiliza, anayejua Kiswahili, na ambaye wiki ijayo bado atakuwepo.